Safari ya skii ipangwe na asiyejua skii

Nitasema hivi na mtanikasirikia kwa komenti: yule anayejua skii kuliko wote kwenye kikundi ndiye hafai kabisa kupanga safari ya skii.

Wacha nieleze. Nina binamu watatu Marekani, wawili Minnesota na mmoja Denver. Mimi na dadangu tuko hapa Nairobi, na barafu tunaijua ile ya friji. Viza tulipata, kwa hivyo sahi kwenye WhatsApp ni mipango tu: Februari, Jackson Hole, Wyoming. Binamu wa Denver ameteleza misimu sita, basi amejipa ukapteni. Tangu aanze hajatuma bei hata moja. Anatuma klipu, na klipu zote ni za mahali pamoja, Corbet's Couloir.

Kama hujaiona, ni ufa mwembamba kati ya kuta za mwamba, karibu na kilele. Kwa kawaida huingii kwa kuteleza, unaingia kwa kuruka, halafu unatua kwenye mteremko mkali huku mwamba uko hapo kando. Jina ni la Barry Corbet, mpanda milima aliyeuona mwaka wa 1960 na kusema siku moja mtu atauteleza. Mtu huyo alipatikana 1967, Lonnie Ball, na hata yeye alikuwa mtu wa doria ya mlimani, si mtalii.

Ni noma, sikatai. Klipu moja nimeirudia kama mara ishirini. Lakini hiyo ni burudani, si ratiba.

Jackson Hole wenyewe hawafichi kitu. Kwa hesabu yao, nusu ya mlima ni ya wataalamu, asilimia 40 ni ya walio katikati, na asilimia 10 tu ndiyo ya wanaoanza. Sasa angalia sisi watano: mtaalamu ni mmoja, wawili wanajimudu, wawili hatujawahi kuvaa hata vile viatu. Tikiti ya lifti ya siku moja, msimu ukichacha, huzidi dola 200. Hiyo ni zaidi ya shilingi 25,000 kwa siku, kila mtu, kabla hujakodi vifaa wala kula. Yaani mimi na dadangu tulipie mlima mzima ndio tutumie kipande cha chini. Ni kama kulipa bufee ya hoteli kubwa na unaruhusiwa kachumbari pekee.

Kuna pia hii stori ya rangi. Kule Marekani duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ngumu, almasi mbili ni balaa. Watu hudhani ni kama gredi za KCSE, kwamba kuna mahali pamoja zinasahihishwa. Hapana. Kila mlima hupanga miteremko yake kwa kuilinganisha yenyewe kwa yenyewe. Bluu ya Jackson Hole inaweza kuwa nyeusi ya kilima kidogo cha Minnesota, na hapo binamu wa Minnesota, nawapenda, lakini mnisikize vizuri. Tramu ya Jackson Hole inapanda mita 1,262. KICC ina mita 105. Panga KICC kumi na mbili, moja juu ya nyingine, halafu uambiwe ushuke miguu ikiwa imefungwa kwa mbao.

Hewa haitatusumbua sana, kama kuna mtu alitaka kuuliza. Chini ya mlima ni kama mita 1,900, karibu sawa na Nakuru. Mapafu yetu yako poa, shida itakuwa magoti.

Kapteni naye, ukimuuliza mambo ya mwalimu, anasema "tutajua tukifika." Manze, hiyo lugha tunaipenda sana. Na Diani inafanya kazi, juu ukikosa chumba hapa utapata kwa jirani. Hapa haifanyi. Kutoka kituo cha juu cha tramu hakuna njia ya kijani wala ya bluu ya kushuka. Ukishuka mlango kule juu na skii mguuni ushaamua. Na madarasa ya wanaoanza hujaa, hasa wikendi ya Siku ya Marais, Jumatatu ya tatu ya Februari, wakati nusu ya Marekani iko likizo. Bila shaka hiyo ndiyo wikendi kapteni alichagua.

Mtu atasema Mkenya hashindwi, mwangalie Philip Boit. Sawa, tumwangalie. Alikuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland 1996, akafunzwa na makocha kwa udhamini wa Nike. Baada ya miaka miwili ya hiyo kazi alienda Olimpiki ya Nagano 1998, kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja pale mwishoni ili ampongeze. Mimi naona hiyo ni heshima kubwa kwa wote wawili. Ila hizo zilikuwa mbio za nyika, si za kushuka mlima. Sabrina Simader, aliyetuwakilisha 2018 kwa skii za kushuka, alilelewa Austria na alianza akiwa mtoto mdogo. Hakuna kati yao aliyefundishwa na klipu.

Najua mtaalamu naye amelipa, na kumkalisha siku tano kwenye mteremko wa kijani ni kumwonea. Simwombi hivyo. Asubuhi zote ni zake, aende huko kwa almasi zake na watu wa kiwango chake. Ninachokataa ni kuburutwa. Na kuna mageti ya kutoka nje ya mipaka ya mlima, ambako doria hailindi na maporomoko ya theluji hayadhibitiwi. Huko asiende peke yake, na asiende bila kifaa cha kutoa ishara, koleo, fimbo ya kupimia na mwenzake anayejua kuvitumia. Anti yangu, mamake, hajui kama hayo mageti yapo, na si mimi nitamwambia.

Kwa hivyo mpango wangu ni huu. Tarehe zisogezwe kutoka kwa hiyo wikendi. Siku tatu za mwalimu, zilipiwe mapema kabla ya nyumba, na tuulize kama kuna tikiti ya lifti za chini pekee. Vifaa tukodi, helmeti ikiwemo, hakuna mtu kununua. Siku moja twende Grand Targhee, upande wa pili wa milima ya Teton, ambako kuna miteremko mipana ya watu wa kawaida. Na bima inayotaja skii kwa jina, juu mguu ukivunjika Marekani bila bima, hapa nyumbani kutaitwa harambee.

Tramu nitapanda pia, siku ya mwisho. Kule kileleni kuna kibanda, Corbet's Cabin, wanauza wafo. Nitakula yangu, nichungulie huo ufa kwa mbali, halafu nirudi chini na tramu ileile.