Mtu mfupi naye apate baiskeli ya kimo chake

Tunaona si haki mtu mzima mwenye kimo cha futi 4 na nusu kuuziwa baiskeli ya ringi 28 na kuambiwa "utazoea tu". Akisimama ghafla barabarani, mguu haufiki chini, naye huanguka huku gari liko nyuma. Kushusha siti pekee hakutoshi, kwani chuma cha juu hakishuki. Ya mtoto nayo humbana magoti.

Tunashauri atafute fremu ndogo iliyoinama katikati, ringi 24. Kabla ya kulipa aivuke na kusimama wima: nyayo zote mbili zikanyage chini bila chuma kumgusa. Dada mwenye vazi refu asisahau kifuniko cha mnyororo.

Familia zetu zisitazame bei tu. Zipime kwanza miguu ya mpandaji.