Hedhi Ikipita Kiasi Tusiifiche

Najua wengi watauliza, "Kijana wa kiume huyu, mambo ya hedhi yamhusu nini?" Yanihusu sana, na yawahusu ninyi pia.

Tangu utoto pua yangu hutoka damu. Itokapo darasani, mwalimu husimamisha somo, mmoja hukimbilia maji, na jioni wenzangu huja kuniuliza hali. Nyumbani, mdogo wangu wa kike mwenye miaka 16 alikuwa akitoka damu siku tisa au kumi kila mwezi, wala hakuna aliyesimamisha jambo lolote kwa ajili yake. Mama alimwambia avumilie, maana ndivyo wanawake walivyo. Baba hakuambiwa. Mimi niliona tu kwamba akipanda kilima kutoka kisimani hupumzika mara tatu, nikamwita mvivu. Neno hilo lanichoma hata leo.

Likizo ya mwaka jana alianguka kanisani. Hospitalini walipima damu yake wakakuta himoglobini ni 5, na msichana wa umri wake yafaa awe na 12 au zaidi. Aliongezwa damu, akapewa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya kupunguza kutoka damu. Kisha daktari akauliza, "Katika nyumba yenu yuko mwingine atokwaye damu kwa urahisi?" Mama akanitazama mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Mwanamke mwenye afya hutoka damu kama vijiko viwili au vitatu vya chakula katika siku zake zote. Vikipita vitano, ni nyingi mno. Lakini nani apimaye kwa kijiko? Basi tazameni alama hizi: siku kupita saba, kulowanisha pedi nzima kila saa moja au mbili, saa kadhaa mfululizo, kuamka usiku kubadili, mabonge makubwa kuliko sarafu, uchovu na kuhema.

Sababu ni nyingi. Kwa wasichana wa miaka ya kwanza, aghalabu mayai hayajaanza kupevuka kwa mpango, na homoni hazijatulia. Kwa wanawake wazima huwa uvimbe wa kizazi uitwao fibroidi, au vinyama vidogo ndani ya kizazi, au kitanzi cha shaba cha kuzuia mimba, au dawa za kuzuia damu isigande, au ugonjwa wa tezi ya shingo. Na mara chache ni saratani. Lakini msichana atokaye damu nyingi tangu hedhi zake za kwanza, na nyumbani kwao kuna watu wa kutoka damu puani au wang'olewapo meno, hana budi kupimwa kama damu yake huganda sawasawa.

Ugonjwa mmoja wa namna hiyo huitwa kwa jina la Erik von Willebrand, daktari wa Finland aliyeuandika mwaka 1926. Aliufahamu kwa msichana wa visiwa vya Åland, aliyeletwa kwake mwaka 1924 akiwa na miaka 5. Msichana huyo alikufa baadaye katika hedhi yake ya nne. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba kama urithiwavyo kwa mama, na huwapata wavulana kama wasichana. Daktari ametuandikia barua ya kwenda Kampala kupimwa sote wawili, nasi twangoja siku yetu. Yawezekana damu yangu iliyopewa maji na pole, na damu yake iliyofichwa, ni ugonjwa mmoja.

Wengine watasema kunyamaza ni heshima. Walakini Injili ya Marko, mlango wa 5, husomwa kanisani mbele ya watu wote, nayo yataja mwanamke aliyetoka damu miaka 12 akamaliza mali yake yote kwa waganga. Hakuna afunikaye uso.

Ninyi mliotutangulia katika madarasa haya, leo mmekuwa waume na baba. Nauli ya kwenda hospitali na fedha ya vipimo zi mikononi mwenu. Mtoto wa kike akiugua hivi, aambiwe baba pia, na baba asikilize. Asipewe aspirini, maana huzidisha kutoka damu. Nasi wanafunzi tuache kucheka msichana aombapo ruhusa ya kutoka darasani.

Mdogo wangu amerudi shuleni, ingawa wenzake wamemtangulia mwaka mmoja. Wazee husema, mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu kilio kilifika mlangoni kikarudi. Kwenu kisifike.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita