Mtume Paulo Hakumnyima Chakula Mtoto wa Mtaani

Miongoni mwetu Wakristo wa Eldoret kuna imani iliyoota mizizi, nayo husikika kila mtoto wa mtaani anaponyoosha mkono: anayeomba ni mvivu, na Mtume Paulo alishaamuru asile. Aya yenyewe, Wathesalonike wa Pili 3:10, imegeuzwa kibali cha kumpita mwenye njaa bila dhamiri kusumbuka. Lakini Paulo aliwakemea watu waliokataa kazi wakaishi kwa jasho la ndugu zao kanisani, tena aya tatu tu mbele anawahimiza ndugu hao hao wasichoke kutenda mema. Hakumsema mtoto anayelala barazani pa duka katika mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya Julai humtesa hata mwenye blanketi.

Na tukitumia kipimo hicho hicho cha kazi, bado imani hii haisimami. Vijana tunaowaita chokoraa hupekua taka wakitafuta vyuma na plastiki za kuuza. Wengine hubeba mizigo sokoni. Wanafanya kazi, ila haiwashibishi. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, zaidi ya 2,000 kati yao wakiwa Uasin Gishu, kaunti inayoilisha Kenya mahindi na ngano. Wamo waliofiwa na wazazi, waliokimbia vipigo nyumbani, na walioacha shule kwa kukosa sare ingawa elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2003. Wamo pia wa familia zilizotawanywa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Watu waliteketezwa ndani ya kanisa la Kiambaa, Januari 1, 2008, na maelfu wakakimbilia kambi ya uwanja wa maonyesho hapa mjini. Aliyeingia kambini humo bila shamba wala nyumba, uvivu wake uko wapi?

Nitaambiwa kwamba sarafu huishia kwenye gundi. Nyingine huishia huko, kweli, na simshauri mtu ampe pesa mtoto mwenye chupa ya gundi mdomoni kisha ajiendee zake. Ila hiyo ni hoja kuhusu namna ya kutoa. Anayeishikilia kwa dhati atanunua sahani ya githeri au atalipia sare. Asiyefanya lolote ameitafutia roho yake mahali pa kujificha. Wala si kweli kwamba maskini akipata hufuja. Kule Rarieda, Siaya, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia familia zilizopewa fedha taslimu bila masharti mwaka 2011 na 2012: zilikula vizuri zaidi na kuongeza mifugo, na matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda.

Tuseme basi kwamba yuko mwenye kosa kweli. Katika Matayo 25 Kristo anajihesabu pamoja na mfungwa, na hakuna anayetakiwa kuuliza kwanza alifungwa kwa kosa gani. Makanisa ya Eldoret yana waumini walimu, wauguzi, mawakili na wenye maduka, na harambee zake hujenga majengo makubwa. Kila kanisa liwajue kwa majina watoto wanaolala jirani nalo, liwatafutie jamaa zao, shule na matibabu, na liweke gharama hiyo katika bajeti ya mwaka kabla ya fungu la ujenzi.