Garimoshi si sanamu

Hivi tunataka historia ya reli, au tunataka mahali pa kupigia picha tu?

Ichukueni 5918, Mount Gelai, ya Makumbusho ya Reli Nairobi. Ni moja ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer Peacock, Manchester, miaka ya 1950. Ina tani 250 hivi. Miaka ya 2000 ilifufuliwa, ikavuta mabehewa tena.

Wapo wanaosema mafuta na vipuri ni ghali, iegeshwe tu. Sikubali! Chuma kinaweza kungoja, fundi hawezi. Kupasha boila taratibu au kutambua vali inayovuja kwa kusikiliza tu, hayo hayawekwi kwenye kabati la kioo. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika 1977. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati huo leo anakaribia 70. Atamfundisha nani, na lini?

Safari moja tu kwa mwaka ingelazimisha wazee na vijana kushika spana pamoja. Na viti visiwe vya watalii peke yao. Reli hii hii inapita Kibera. Watoto wa kule nao wapande, wasiishie kupunga mkono.