Neno "Sijambo" na Haki ya Aliyeumia Kazini

Waswahili husema mficha uchi hazai. Methali hii tunaifundisha shuleni mwaka nenda mwaka rudi, lakini mwenendo wetu wa kila siku unaikana. Mtu akiulizwa hali, hata akiwa taabani, hujibu "sijambo". Akidadisiwa zaidi, hunena "namshukuru Mungu" au "tunasukuma tu". Huo ndio uungwana wetu, nami siubezi hata kidogo. Ninachodai ni kwamba uungwana huo, ukipelekwa mahali usipostahili, humdhulumu mfanyakazi aliyelemaa kazini pindi anapodai mafao yake.

Kiisimu, "sijambo" ni "sina jambo", yaani hakuna lililonisibu. Lakini hakuna Mswahili anayelichukua neno hilo kuwa taarifa ya afya. Ni salamu, na kazi ya salamu ni kudumisha uhusiano. Matata huzuka pale mmoja anaposalimu na mwenzake anaandika ushahidi. Jirani yangu mmoja, seremala aliyekatwa mkono na msumeno wa umeme, aliulizwa na daktari aliyempima ulemavu kama amepata nafuu. Kwa adabu zake alijibu, "Naendelea vyema, daktari." Jibu hilo likaingia katika ripoti kama lilivyo, ilhali mkono huo haukuwa umeshika randa tangu siku ya ajali.

Athari ya maneno hayo si ndogo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 hukadiria fidia ya ulemavu wa kudumu kwa msingi wa mapato ya miezi 96, kwa kadiri ya asilimia ya ulemavu, na kwa kuzingatia viwango vya chini na vya juu vinavyowekwa na Waziri. Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayepata Sh20,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni Sh1,920,000. Akipimwa asilimia 10 atapata Sh192,000. Akipimwa asilimia 25 atapata Sh480,000. Tofauti ni Sh288,000, na huenda ikawa ndiyo karo ya watoto wake.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi anayesimamia sheria hiyo ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake. Mkurugenzi naye anatakiwa ajibu kwa maandishi, pamoja na sababu, katika muda wa siku 14. Asiporidhika tena, mlalamishi ana siku 30 tangu alipopokea jibu hilo za kukata rufani mbele ya mahakama ambayo sheria iliiita Mahakama ya Viwanda, na ambayo leo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Kwa hivyo, jambo la kwanza katika maandalizi ni kuandika tarehe ya kila barua iliyopokewa na kuhifadhi nakala yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

La pili ni daftari. Mlalamishi aandike kila siku, kwa majuma kadhaa kabla ya kusikizwa, kazi aliyojaribu kuifanya, muda uliomchukua, maumivu yaliyofuata na mtu aliyemsaidia. Mke, mume au mwana anayemfunga vifungo vya shati ni shahidi bora kuliko jamaa mwenye cheo asiyeishi naye. Daftari hilo halichukui nafasi ya vyeti vya daktari, bali huvipa uhai, kwani cheti hutaja mfupa uliovunjika na daftari hutaja maisha yaliyovunjika.

La tatu, ambalo ndilo linalonigusa kitaaluma, ni uteuzi wa maneno. Mtu akiulizwa, "Je, unaweza kuinua ndoo ya maji?" hukimbilia kujibu, "Naweza." Kitenzi "kuweza" hakisemi ni mara ngapi, kwa muda gani wala kwa gharama ipi. Aliyeinua ndoo mara moja kwa kuuma meno ameweza, na anayeinua ndoo ishirini kwa siku ameweza pia. Lakini lugha yetu haikutunyima nyenzo. Tunavyo viambishi "-ki-" na "hu-", ambavyo kila mwanafunzi wa kidato cha pili amevisoma. Seremala akisema, "Nikiinua ndoo asubuhi, mkono hufa ganzi hadi adhuhuri," amesema kweli tupu, tena amesema yote.

Wapo watakaoteta kwamba kumwandaa mlalamishi namna hii ni kumfunza uongo. Sikubaliani nao. Mwongo huongeza asilokuwa nalo. Huyu tunamsihi asipunguze alilo nalo. Mwajiri na kampuni ya bima huja na mawakili waliojiandaa, wala hakuna anayewaita waongo kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, mzigo huu usiachiwe mgonjwa peke yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 47 kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu zake kwa maandishi. Kifungu cha 54 nacho kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara na Breli, na ya kutajwa kwa maneno yasiyomdunisha. Je, sababu zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria zitamfaa nini seremala asiyekisoma? Fomu, barua na maamuzi ya mafao yanapaswa kutolewa kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka, na daktari anayepima ulemavu afunzwe kuuliza tena baada ya "sijambo" ya kwanza.

Walimu wenzangu, insha tunazosahihisha kila muhula zina mada za harusi, safari na michezo. Tuwatungishe pia wanafunzi barua ya pingamizi na maelezo ya shahidi. Wengi wao wana mzazi, mjomba au shangazi anayefanya kazi kiwandani, shambani au kwenye mjengo, na siku ya ajali ikifika, huyo mtoto aliyesoma ndiye atakayeitwa aandike.