Zimwi Halihitaji Mwanabiolojia

Siku hizi mtu akibuni jangwa la fantasia, awe mwandishi wa riwaya au mtengenezaji wa gemu, swali la kwanza analorushiwa ni hili: hao wanyama wako wanakula nini? Akijibu kwamba joka lake linakula wasafiri, wakaguzi wanatoa kikokotoo. Wasafiri wangapi kwa mwezi? Mbona nyika yenyewe haina majani ya kulisha hata swala? Mchawi aliyefyonza uhai wa bonde zima wanampisha bila neno, lakini mnyama aliyezaliwa na uchawi huohuo anadaiwa cheti cha ikolojia.

Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba sayansi ndiyo inayoifanya fantasia iaminike, na kwamba visasili ni kimbilio la mwandishi mvivu. Naikataa, kichwa na mkia. Nchi iliyouawa na dhambi, wanyama wake wafuate sheria ya dhambi hiyo. Na sheria za visasili, kwa taarifa ya wenye vikokotoo, hazina huruma.

Tumchukue nunda, aliyemo katika ngano za Zanzibar ambazo Edward Steere alizichapisha mwaka 1870. Paka wa Sultani Majinuni anakula kuku. Watu wanashitaki, sultani anasema paka ni wake na kuku ni wake. Paka anapanda, kutoka kuku hadi mifugo mikubwa, kutoka mifugo hadi watu, na jibu la sultani ni lilelile. Ni pale anapokula watoto wa sultani mwenyewe ndipo baba mtu anapokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Sasa mwanabiolojia aje aulize paka amekuaje kiasi hicho. Ngano imekwisha kumjibu: kila ruhusa ya sultani imemwongeza mwili. Ondoa ruhusa hizo, uweke homoni au mionzi mahali pake, na utabaki na paka mkubwa pamoja na sultani aliyepatwa na bahati mbaya. Hadithi imekufa, na haikuuawa na mnyama.

Wapo waliojaribu. William Hichens, mtawala wa Kiingereza huyohuyo ambaye baadaye alihariri utenzi wa Al-Inkishafi uliochapishwa mwaka 1939, aliandika makala mwaka 1937 kumtetea mngwa, yaani nunda, kama mnyama halisi asiyejulikana bado na wataalamu. Mtu aliyezijua tenzi zetu kiasi kile! Katika utetezi wa namna hiyo kinachotafutwa ni nyayo na manyoya, na sultani hana kazi tena.

Au twende Arabuni. Herodoto, karne ya 5 kabla ya Kristo, alisimulia kwamba miti ya ubani inalindwa na nyoka wadogo wenye mabawa, na mvunaji hawezi kuikaribia mpaka awafukuze kwa moshi. Karne kadhaa baadaye Plinio wa Roma, akizungumzia mdalasini, alinung'unika kwamba visa vya namna hii vilitungwa ili kupandisha bei. Alidhani amevifichua. Kumbe alitueleza wanyama hao wanaishi kwa nini: wanaishi kwa thamani ya kile wanacholinda, na moshi ndio ufunguo wao. Mwandishi anayejua hayo mawili tayari ana mnyama, ana biashara na ana mwizi wa kumtuma usiku. Zimwi la jangwani, lile ambalo Waarabu waliliita ghuli, nalo hubadili sura apendavyo msimulizi, lakini miguu yake ya punda haibadiliki. Msafiri aliyepotea ana njia moja ya kupona, nayo ni kutazama chini.

Najua nitaletewa riwaya ya Dune. Nakubali ni kazi kubwa. Frank Herbert aliichapisha mwaka 1965 na kuitabaruku kwa wanaikolojia wa nchi kame. Lakini kule jangwa lenyewe limetokana na viumbe, maana ni wadudu wa mchangani waliofungia maji chini, kwa hiyo biolojia iko nyumbani kwake. Hata hivyo, mtazameni mnyoo mkubwa wa jangwa hilo. Amelala juu ya kitu chenye thamani kuliko vyote, anammeza anayekuja kwa kishindo, anabeba mgongoni aliyefuzu jando lake. Huyo ni joka la hazina. Mahesabu ya chakula cha mnyama wa mamia ya mita anayeogelea mchangani hayajawahi kutimia, na sijasikia msomaji aliyerudisha kitabu dukani kwa sababu hiyo.

Athas, ulimwengu wa mchezo wa Dark Sun uliotoka mwaka 1991, ni kesi tofauti kabisa. Huko nchi imekauka kwa sababu wachawi wameinyonya mimea ili kupata nguvu. Hapo kuuliza mnyororo wa chakula ni kumhoji shahidi asiyekuwapo. Swali la kuuliza ni hili: kiumbe gani bado anamdai mchawi?

Wala sisemi sayansi haina maajabu. Yupo mende wa Namib anayesimama kichwa chini, mgongo juu, ili ukungu umtiririkie mdomoni, na kwa hilo anayapita majoka mengi. Ila mende huyo ni jibu la ukungu. Katika nchi iliyokauka kwa sababu mfalme alivunja kiapo kisimani, yeye anajibu nini? Huko anatakiwa mnyama asiyekunywa mpaka asikie jina la mfalme, au anayemshambulia kila abebaye maji ambayo hakuyaomba.

Wakosoaji wanaotaka ukali wauelekeze kwenye sheria hizo za visasili. Zimwi likiwa na kwato za punda sura ya pili, kisha sura ya ishirini likaingia mjini limevaa viatu na hakuna aliyeshtuka, mchaneni mwandishi bila huruma. Nyoka wa ubani wakiacha kuogopa moshi kwa sababu tu shujaa anahitaji vita, mdaini fedha zenu. Lakini idadi ya swala waachieni maofisa wa hifadhi.