Wafugaji wa Kuku, Tuagize Chanjo ya Kuhara Damu kwa Pamoja



Kuku wetu tunawachanja kideri, gumboro na ndui bila kusukumwa. Lakini kuhara damu, ugonjwa unaomaliza vifaranga hasa kati ya wiki ya tatu na ya sita, bado tunausubiri uingie bandani ndipo tukimbilie dawa ya amprolium dukani.

Ugonjwa huu, ambao wataalamu huuita koksidiosisi, huletwa na vimelea vya jamii ya Eimeria vinavyozaliana ndani ya utumbo. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yakikuta joto na unyevu kwenye maranda, hukomaa kwa siku moja au mbili, na kifaranga anayedonoa chini huyameza. Dawa za kawaida za kupuliza banda haziyaui kwa urahisi. Uzio nao hauyazuii: husafiri kwenye soli za viatu, trei za mayai na magunia ya chakula tunayoazimana.

Kundi likiugua, litibiwe. Hapo dawa ina kazi yake. Kinachotuponza ni kuitia kwenye maji kila mara kwa kubahatisha. Vimelea huizoea, na vilivyokwisha kuizoea bandani kwangu kesho vitakuwa kwako. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachwa liwe la kila mtu na banda lake.

Chanjo ipo, na si ngeni: nchini Marekani ilianza kuuzwa mwaka 1952. Ndani yake mna mayai hai ya vimelea hivyo kwa kipimo kidogo; baadhi ya chanjo hutumia vimelea vilivyopunguzwa makali. Mara nyingi kifaranga hunyunyiziwa akiwa na umri wa siku moja, kabla hajatoka kwa mtotoleshaji. Chanjo nyingine hutolewa kwenye maji au chakula.

Kwa nini basi haimfikii mwenye kuku 200? Chupa moja mara nyingi ina dozi 1,000 au zaidi. Hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 bila kuganda, na ikishafunguliwa haiwekwi hadi kesho. Ukinunua peke yako, utatumia dozi 200 na kumwaga 800. Tukiwa watano, chupa imekwisha na gharama tumegawana.

Kwa hiyo nawaomba tufanye haya. Kila kikundi, mtaa au kata ipange tarehe moja ya kupokea vifaranga. Oda iende kwa mtotoleshaji ikiwa moja, kwa sharti kwamba vifaranga wachanjwe kabla ya kupakiwa. Mtu mmoja mwenye oda ndogo si rahisi asikilizwe. Oda ya vifaranga 1,000 ina sauti.

Kabla ya kulipa, tumwite daktari wa mifugo atueleze ni chanjo ipi iliyosajiliwa nchini na inayowafaa kuku wetu. Wenye kuku wa mayai na chotara watafaidika zaidi, maana kuku hao huishi muda mrefu kuliko broila.

Chakula nacho tukinunue pamoja, tukimuuliza mtengenezaji kama ametia dawa ya kuzuia kuhara damu. Dawa hiyo, sawa na amprolium ya kwenye maji, inaweza kuua vimelea vya chanjo kabla kinga haijajengeka.

Vifaranga wakishafika, asichanganywe nao ambaye hakuchanjwa. Maranda yasibadilishwe yote katika wiki tatu za mwanzo. Toa yaliyolowa tu. Waliochanjwa huimarisha kinga kwa kumeza tena vimelea vya chanjo vilivyomo kwenye maranda, na yule aliyerukwa atavikuta vingi kuliko mwili wake unavyoweza kuhimili.

Chanjo haituondolei wajibu wa kukausha banda wala kunyanyua vyombo vya maji visimwagike. Itatupunguzia vifo na kututoa kwenye mazoea ya kunywesha kuku dawa tangu wakiwa vifaranga hadi waanze kutaga.

Ajenda ya kwanza ya kikao kijacho cha kikundi chako iwe hii: nani anaingiza vifaranga, wangapi, lini. Andikeni majina na idadi kabla hamjatawanyika. Jumla ikitosha chupa moja, mpigieni simu mtotoleshaji siku hiyohiyo.